Siku Baiskeli Ilipojikwaa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu baiskeli ilihesabiwa kuwa na miguu, na chenye miguu hujikwaa. Sheria hiyo aliileta Bibi, mzaa mama, aliyehamia kwetu Mpanda kutoka kijiji cha Mamba baada ya Babu kufariki. Kwa Bibi, mtu akijikwaa mguu wa kushoto kabla hajatoka uani, safari hiyo imekataliwa. Arudi ndani, akae, anywe maji, na akiondoka tena ashike njia nyingine. Baba aliponunua baiskeli, Bibi aliizunguka, akainama kuitazama, kisha akatoa hukumu kwamba cheni ikichomoka uani ni sawasawa na kujikwaa. Nilimwambia cheni iko upande wa kulia. Akasema baiskeli haijui kulia wala kushoto, na kwamba mimi nina mdomo.

Msimdhanie vibaya. Bibi alikuwa Mkatoliki wa misa ya kwanza, rozari haimtoki shingoni, na hakuona ugomvi wowote kati ya rozari na wale aliowaita wenyewe. Mizimu, yaani, ila hakupenda kuitaja kwa jina lake.

Tulikaa pembeni ya mji, na shule ilikuwa upande wa Kashaulili. Njia za kwenda zilikuwa mbili. Kulikuwa na barabara kuu, ya vumbi wakati ule, yenye malori ya mpunga yaliyopita kwa fujo. Lori moja likishapita, mwenye baiskeli haonekani tena mpaka vumbi litue, na nyuma yake linakuja jingine. Ya pili ilikuwa njia ya bondeni, nyembamba na tulivu, ila ilipita kwenye kichaka ambacho hakuna mtu aliyethubutu kukifyeka. Hapo ndipo walipokaa wenyewe. Sisi watoto tulichagua malori bila hata kufikiri.

Asubuhi ya mtihani wa darasa la saba nilitoa baiskeli uani, nikakanyaga pedeli, cheni ikachomoka.

“Imejikwaa,” Bibi alisema kutoka jikoni. Sijui alionaje. “Barabarani leo hupiti.”

Mama alitoka na mwiko mkononi. “Mama, leo mtoto ana mtihani! Mtihani haurudiwi huu!”

“Sijasema asiende. Nimesema asipite barabarani.”

“Sasa apite wapi?”

“Bondeni. Nitampeleka mwenyewe.”

Nililia. Nilikuwa na miaka ya kutosha kujua kwamba nikikuta mlango wa chumba cha mtihani umefungwa, sekondari nitaisikia kwa wenzangu. Na kuhusu kichaka kile, nilikwishasikia habari zake za kutosha kuninyima usingizi. Baba alikuwa safarini Karema, kwa hiyo hakuna wa kunitetea. Bibi aliniketisha, akaninywesha maji, akafunga kanga kiunoni, tukaondoka. Niliendesha polepole ubavuni pake, machozi yakikaukia mashavuni.

Tulipokaribia kichaka akaniamuru nishuke.

“Ukipita mbele ya wazee na baiskeli unafanyaje?”

“Nashuka, nasalimia.”

“Basi. Na hawa ni wazee kuliko wote. Shuka, sukuma. Na usiguse hiyo kengele.”

Hapo kwetu mtoto kupita mbele ya wazee akiwa juu ya baiskeli kulikuwa utovu wa adabu wa wazi, hivyo sikuwa na la kubisha. Nilishuka. Bibi akavua ndala, akazishika mkononi, akasema kwa sauti ya mtu anayepiga hodi, “Shikamooni. Tunapita. Huyu ni mtoto wa mtihani.” Kichaka kilinyamaza kama vichaka vinavyonyamaza. Nilisukuma baiskeli, njia ikakata kona, na nyuma ya kona ile daraja halikuwepo.

Daraja lenyewe lilikuwa magogo yaliyolazwa juu ya korongo lenye kina. Moto wa nyika wa kiangazi kile ulikuwa umeyala katikati, zikabaki ncha nyeusi huku na huku, na chini mawe matupu. Pale kuna mteremko. Ningekuwa juu ya baiskeli, na haraka niliyokuwa nayo, wangenikuta kule chini.

Bibi alifanya ishara ya msalaba. Mimi niliona tu kwamba mtihani umenipita, nikaanza kulia upya.

“Mayo!” Sauti ya mwanamume ilitokea upande wa chini. Alikuwa mfugaji wa Kisukuma, mmoja wa wale waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, fimbo mabegani; mayo kwao ni mama. “Mayo, hapo hampiti. Njooni huku wanakoteremkia ng'ombe.”

Kwato zilikuwa zimelichimba korongo mpaka likawa na mteremko laini pande zote mbili. Mfugaji alibeba baiskeli begani, Bibi akanishika mkono, tukavuka. Ng'ambo nilipanda, nikakanyaga kama mwizi. Nilifika shuleni wenzangu wakiwa bado kwenye mstari, na mwalimu hakuuliza hata kwa nini magoti yangu yana vumbi. Sijawahi tena kufurahi hivyo kuona mstari wa watu.

Kwa miaka mingi niliisimulia habari hii kama ushindi wa Bibi, nikiruka sehemu moja. Niliuliza baadaye kuhusu barabara. Siku ile haikutokea ajali yoyote, hata mbuzi hakugongwa. Kilichotaka kuniua ni njia ya Bibi, na kilichoniokoa ni adabu ya Bibi, na mimi sikujua niiandike wapi hesabu hiyo.

Bibi alipofariki, siku tulipomaliza matanga, Mama akiwa anakunja kanga za marehemu, aliniambia alichokuwa hakuniambia. Mama alikuwa na kaka. Kabla sijazaliwa, kaka huyo aligongwa na lori kwenye barabara ile, ndani ya vumbi, akiwa juu ya baiskeli. Bibi hakulitaja jina lake tena, na hakutaka litajwe.

Sasa binti yangu Restituta ameanza sekondari na ana baiskeli. Barabara ina lami, malori yanakimbia zaidi, na bodaboda hazina breki wala haya. Njia ya bondeni ina kalavati siku hizi, na nyumba za watu pande zote. Nilitaka apite huko. Nilimsimulia habari ya cheni, akacheka mpaka akakaa chini.

“Mama, hii ya kwangu cheni inachomoka kila siku. Si nitaacha shule?”

Nilikuwa na hasira, kisha sikuwa nayo. Nikamwambia, “Mwanangu, naogopa. Mjomba wangu alifia barabara ile. Ukipita pale nitashinda kutwa nasikiliza honi.”

Aliacha kucheka. “Si ungesema tu, mama,” alisema, akageuza baiskeli kuelekea bondeni.

Lile neno “naogopa”, ambalo Bibi maisha yake yote aliwaachia wenyewe wa kichakani wamsemee, mimi nililitoa uani asubuhi, kwa mdomo wangu, na mtoto akalisikia. Nikarudi ndani kuosha vyombo, na honi za malori zikapita kama honi tu.