Chumba cha Kusikilizia Mashine

Siku niliporipoti Korogwe kuanza kazi ya kuhudumia pampu ya maji, Bwana Maji hakutaka kuona vyeti vyangu. Aliniuliza nalala wapi. Nikamjibu kwamba nimefikia kwa binamu yangu, ng'ambo ya stesheni, akatikisa kichwa kana kwamba nimempa habari ya msiba. Bwana Maji ndiye aliyekuwa mkuu wa idara yetu pale wilayani, mtu mrefu wa maneno machache, na suruali yake ya kaki ilikuwa na madoa ya oili hata siku za mikutano. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Alinipeleka kwa miguu hadi kibanda cha pampu kando ya mto, akanionyesha injini ya dizeli, pampu yenyewe, na bomba kubwa lililopanda mpaka kwenye tangi la mlimani.

"Ikizimika hii, tangi halichelewi kukauka, na hospitali inategemea humo humo," akaniambia. "Sitaki mhudumu wa kufuatwa na kuitwa. Nataka mtu anayesikia mashine ikinyamaza akiwa anakula ugali kwake."

Niwaeleze vijana, maana siku hizi mnabonyeza swichi tu. Asubuhi mhudumu alianza kwa kuinywesha pampu, yaani kuijaza maji ili isivute hewa, kisha akazungusha hendeli mpaka injini ishike. Baada ya hapo hakukaa kibandani kutwa. Alifuata mabomba yanayovuja, akapanda kuangalia tangi, akaenda kwake kula. Masikio ndiyo yaliyobaki kazini. Kota za serikali zilikuwa za wenye vyeo, sisi wa daraja la chini tulijitafutia wenyewe. Bwana Maji aliniweka kwenye majaribio, na hakunificha kwamba yupo mzaliwa wa pale pale anayeitaka nafasi yangu.

Kwangu haikuwa kazi tu. Mke wangu Mwanahawa alikuwa Handeni kwa mama yangu, na mtoto wetu Sefu mgongoni. Kiangazi cha Handeni wengi mnakisikia, yeye alikijua kwa miguu yake. Aliamka alfajiri kwenda kufukua mchanga wa korongo, akasubiri maji yajitokeze, akayachota kwa kata huku akiyakazia macho yasichanganyike na tope. Nilimwahidi kwamba nikipata chumba nitamleta mahali ambapo maji yanakuja yenyewe kwenye bomba. Nikishindwa majaribio, ningerudi kumwambia aendelee kufukua mchanga.

Basi nikaanza kutafuta chumba kwa masikio. Wenzangu waliuliza kodi, choo, na kama paa linavuja. Mimi nilisimama uani kwa watu nimefumba macho, mpaka wengine wakadhani nina maradhi. Jumapili moja mama mmoja mjane, karibu na barabara kuu, akanionyesha chumba ambacho kodi yake niliimudu. Nikamwomba nijilaze kitandani kidogo nijaribu. Aliniangalia kwa mashaka, akaufungua mlango wazi kabisa, akasimama hapo hapo. Nikaisikia injini yangu kutoka mtoni, dug-dug-dug, safi kabisa. Jioni ile ile nikahamia na mkeka wangu na sufuria moja, nimefurahi mno.

Ambacho sikukihesabu ni korona. Korona ni kiwanda cha kusaga majani ya mkonge ili kutoa katani, na kulikuwa na moja shambani, upande wa pili wa ile barabara. Jumapili hunyamaza. Mimi ni mtu wa mahindi, nimekulia Handeni, sikujua kwamba shamba la mkonge lina wiki yake. Jumatatu nikarudi mchana kula, korona inanguruma mpaka bati linatetemeka. Nikala, nikajinyoosha. Nilipotoka nikawakuta akina mama na ndoo tupu, wanamuuliza mwenye nyumba yuko wapi huyo mtu wa maji. Hewa ilikuwa imeingia kwenye njia ya dizeli na injini imekufa muda mrefu.

Bwana Maji alikuja kusimama ndani ya chumba changu, akasikiliza korona, akaniangalia.

"Mhando, umepanga nyumba ya Jumapili," akasema. "Mimi nataka mtu anayekaa Korogwe Jumatatu." Akanipa mpaka mwisho wa mwezi.

Nyumba iliyokuwa karibu kuliko zote na kibanda ilikuwa ya Mzee Masanja, Mnyamwezi aliyekuja zamani kama manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mkonge, akafanya kazi korona mpaka uzeeni. Vyumba vyake vilikaa wazi kwa sababu ya mbu na kelele za pampu, ndiyo maana kodi yake ilikuwa ndogo. Nikaenda, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba na kuniuliza kabila. Nilipotaja Mzigua uso ukamchangamka, maana Wanyamwezi na sisi ni watani. Akaniuliza kama njaa yetu tumeileta na huku. Nikamjibu kwamba tumeifuata kwake tulikoiazima. Tukacheka sana. Lakini kwenye suala la chumba alikaza. Njia ya akina mama wanaokwenda mtoni kufua ilipita nyuma ya madirisha yake, na kapera hawezi kukaa pale.

"Mke ninaye, mzee," nikamwambia.

"Yuko wapi?"

"Handeni."

"Basi huyo ni mke wa Handeni. Hapa wewe ni kapera."

Nikawa nimekwama. Bila mke sipati chumba, na bila chumba nitamlaza wapi mke? Nilipanda lori kwenda Handeni, kusema kweli kwenda kulalamika tu. Mwanahawa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, kama huyo mzee ni Mnyamwezi kweli. Nikasema kweli. Akaanza kufunga vitu vyake.

Tulipofika kwa Masanja hakupiga hodi. Alinikabidhi mtoto, akachukua ufagio uliokuwa ukutani, akaanza kufagia uwanja huku akilia kwa sauti ya msibani.

"Mtani wangu kafa, na uwanja hakuna aliyeufagia! Nimetoka Handeni kuja kumzika. Kiko wapi chumba cha kulala sisi wafiwa?"

Majirani walichungulia. Mzee Masanja alitoka ndani na fimbo yake, akasimama mlangoni, nikaogopa. Wenye utani wanajua kwamba msibani mtani ndiye hufagia uwanja, na kwamba anayetaniwa haruhusiwi kukasirika, lakini mtani anayemjua ni mimi, huyu mwanamke hajamwona hata siku moja. Alimtazama, akacheka mpaka akakohoa.

"Ingia, Mzigua. Ila nikifa kweli usinikimbie," akasema.

Hivyo ndivyo nilivyopata nyumba. Nakiri bado nilikuwa na wasiwasi, maana upepo ukitoka upande wa shamba, korona ilifika hata pale na kunivuruga masikio. Wiki ile ile Mwanahawa aliteka maji kwenye beseni amwogeshe Sefu. Akaniita nikaone. Juu ya maji kulikuwa na viduara vidogo vidogo vinavyocheza, havikomi. Tukachuchumaa wote wawili tukiyatazama. Nilikimbia kibandani nikaizima injini makusudi, nikarudi, akaniambia maji yalitulia pale pale. Nikaenda kuiwasha, yakatetemeka tena. Mtikisiko wa injini ulikuwa unapita ardhini mpaka kwetu, na wa korona, kwa kuwa iko mbali, ulitufikia kwa sauti tu. Siku ile niliiwasha na kuizima zaidi ya inavyostahili, kwa udadisi tu, na sijui tangi lilisemaje.

Tangu hapo beseni halikutoka chini pale karibu na mlango. Siku moja ninakula, korona inanguruma na upepo wake, Mwanahawa akatupia jicho pale.

"Yametulia, Baba Sefu. Mashine imekufa."

Niliacha tonge sahanini, nikakimbia kibandani. Kweli, ilikuwa imezimika muda ule ule. Bwana Maji alipotokea, akiwa naye ameusikia ukimya wa mashine kutoka upande mwingine wa mto, alikuta nimeshaiwasha. Akataka kujua nimesikiaje katika upepo ule. Nikampeleka nyumbani. Alichuchumaa kwenye beseni muda mrefu, akatia kidole, akangoja maji yatulie na kuanza tena kutetemeka. Akamuuliza mke wangu amejifunza wapi.

"Nimetoka Handeni, mzee," akamjibu. "Maji huwa nayaangalia."

Nilithibitishwa kazini. Tulikaa nyumba ile mpaka Sefu akaanza shule, na Mzee Masanja alipofariki kweli, Mwanahawa ndiye aliyeufagia ule uwanja, safari hii akilia bila utani.

Baadaye nilihamishiwa Mazinde, kisha Handeni kwetu, wakati wa vijiji vya ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mistari, na makatibu wa vijiji walipenda kiwanja cha karibu na ofisi wapewe watu wakubwa. Mimi nilipita na beseni langu la maji, naliweka chini hapa, naliweka pale, watoto wananifuata wakidhani ni mganga. Pale maji yalipotetemeka ndipo nilipoomba mhudumu wa pampu apewe kiwanja. Mhandisi wa Wilaya, kijana aliyesoma, alicheka mara ya kwanza, halafu akaanza kubeba beseni mwenyewe. Na kila kijana aliyekuja kuomba kazi nilimuuliza kwanza analala wapi.

Nilistaafu, tukajenga Handeni. Pampu za umeme zilishaingia na ziko mbali, hazitikisi kitu. Nawasikia wajukuu wakitafuta vyumba mijini karibu na kazi, wanalalamikia kodi na kelele, nami huwauliza ni kelele za nini. Kelele nyingine ndizo zilizonilisha.

Mwanahawa aliugua muda mrefu kabla hajaniacha. Siku zile za mwisho alikuwa akipotea mawazo na kurudi. Mchana mmoja nilimletea maji ya kunawa, nikaweka beseni karibu na kitanda. Aliyaangalia kwa makini, kama zamani.

"Yametulia," akasema. "Nenda, watu watakosa maji."

Nilitoka. Nilisimama nje kwenye jua mpaka muda wa kuzungusha hendeli ukapita, machozi yananitoka. Kisha nikarudi ndani nikakaa kitandani, na kwa goti langu nikaligusagusa lile beseni taratibu, mpaka viduara vikatokea.

"Imeshika," nikamwambia, na yeye akaviona, akafumba macho akalala.