Mama Mkwe Aliyekula Stendini

Kazi yangu ni kushauri wasomaji gazetini, na wengi hudhani inataka hekima. Inataka zaidi kuuliza. Ndiyo maana kila mwaka najiandikisha darasa jipya. Nimesomea ufugaji nyuki, uokaji, hata umeme wa nyumbani, ambao niliuacha baada ya kuzima taa za ploti nzima. Mwaka huo nilikuwa najifunza kushona, ghorofani River Road, juu ya duka la kuchapisha kadi za harusi.

Mtu mwenye kazi mikononi husema mambo ambayo hangeyasema akiwa ameketi mbele yako ofisini. Kwa hiyo kabla sijamjibu msomaji, hubadilisha mambo kidogo nisimtambulishe, kisha huwapa wenzangu darasani kisa chake kama cha jirani yangu. Walishaamini naishi mtaa wa vituko.

Safari hiyo aliyeniandikia alikuwa kijana wa Mutuini, Dagoretti. Mkewe alikuwa karibu kujifungua. Mama mkwe, mtu wa magharibi mwa nchi, alikuwa akija kuwaona lakini hagusi chakula, hata chai. Husema tumbo linamsumbua. Kijana alimwamini, mpaka jirani alipomkuta mama huyo kwenye stendi ya bodaboda, amekaa juu ya jiwe, anakula viazi vitamu kutoka mkobani na kuteremshia chai ya thamosi.

“Chakula changu kinamtia kinyaa,” aliandika. Alitaka kumwambia asije mtoto akizaliwa. Mkewe, aliyelelewa mtaa wa Satellite, hapa jijini, na asijue la kumtetea mamake, alikuwa ameacha kuongea naye.

Mimi ni mtu wa Dagoretti. Kwetu mgeni akikataa chakula, umeudhika. Kwa hiyo nilienda darasani nikiwa upande wa kijana.

“Huyo mama anaringa,” fundi anayetufundisha alisema.

“Ama huyo jirani yako hajui kupika, mathe,” akasema msichana wa cherehani ya dirishani. “Tusimlaumu mama wa watu.”

Mwanafunzi mwenzetu, mwalimu mkuu mstaafu, mama wa magharibi aliyekuwa akifumua mkono wa blauzi kwa mara nyingine, alicheka mpaka akavua miwani.

“Huyo ni mimi,” alisema. “Mimi hubeba mayai ya kuchemsha.”

Tukaacha kushona. Akatueleza kwamba kwao mama hali chakula kwa mkwewe mpaka watu wa pande zote mbili wakae pamoja, mkwe ampe zawadi, njia ifunguliwe. Akila kabla ya hapo, amemkosea mkwe heshima.

“Sasa si angemwambia tu?” nikauliza.

“Amwambie aje, dada yangu? Akisema, ni kama anaomba zawadi. Anangoja aulizwe.”

“Na binti yake?”

“Huyo wa kuzaliwa hapa? Atajulia wapi? Wangu alidhani nina vidonda vya tumbo. Amenipeleka kwa madaktari, nami nikaenda.”

Fundi akasema kumbe kuringa kunaweza kuwa adabu, akaturudisha kazini.

Jibu langu lilitakiwa jioni hiyo. Nilimwandikia kijana asimkataze mama huyo kuja. Nilimweleza kwamba huenda hilo analoliona dharau ni heshima, ila desturi hutofautiana nyumba kwa nyumba, hivyo asikisie wala asinitegemee mimi. Ampigie mjomba wa mkewe amuulize swali moja tu: kwenu njia hufunguliwaje?

Ubaya wa kazi hii ni kwamba ukishajibu, mara nyingi husikii tena. Majuma yalipita nikiwaza juu ya yule mama pale juu ya jiwe, na kama bado alikuwa na ruhusa ya kufika hata hapo.

Hatimaye kijana akaandika. Wajomba walikuja, naye akamfunika mama mkwe blanketi la zawadi mbele yao, akamvisha na leso. Mama akakaa mezani akala, akaongezwa, akala tena. Mtoto alipozaliwa, mama huyo alihamia kwao kusaidia kumlea, na mke sasa anaongea, tena sana.

“Lakini kuna shida nyingine,” akamalizia. “Mama anasema ugali wangu ni uji wa mgonjwa, na mke wangu anamuunga mkono. Nifanyeje?”

Hilo sikuhitaji kulipeleka darasani. Nilimwambia aongeze unga.