Shimo Nyuma ya Mwanawe

Juzi, kwenye duka la kompyuta na vifaa vya shule hapa Shinyanga mjini, mama mmoja aliyenitangulia alifungua pindo la khanga akatoa picha ya mwanawe. Kijana alifia machimboni Geita, na picha pekee aliyoiacha ilimwonyesha amesimama mbele ya shimo lilelile alimofia.

“Nitolee hilo shimo, baba,” alimwambia mwenye duka.

Mwenye duka aliiingiza picha kwenye kompyuta, akalifuta shimo taratibu, akizunguka mabega na masikio, mpaka kijana akabaki peke yake.

“Sasa nyuma tumwekee nini, mama? Nina maua, nina ghorofa, nina ndege ya kusafiria.”

“Usimwekee kitu.”

“Basi nitachapa kwenye nailoni inayoonyesha upande wa pili. Lakini popote utakapoiweka, ataonekana amesimama hapo.”

Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiinua kuelekea mlangoni. Nyuma ya mwanawe tukaona barabara, baiskeli, na basi la kwenda Mhunze likipakia abiria. Akaitazama kwa muda, kisha akaiambia kwa Kisukuma, twende nyumbani.

Mimi nilikuwa nimeleta picha yangu niwekewe ndege nyuma. Zamu yangu ilipofika, nilisema nimekuja kununua kalamu.