Kabla Kiganja Hakijapoa

Nilipolazwa wodi ya kifua kikuu kule Haydom, mwanangu alikuwa bado ananyonya. Ndiyo kwanza anajifunza kusimama kwa kushika sketi yangu. Daktari akasema mtoto asiingie ndani kabisa, wala nisimguse mpaka dawa zifanye kazi. Alikuwa mtu mwema, lakini siku ile nilimchukia. Maziwa yalinijaa kifuani yakakauka yenyewe, na kwa uchungu huo sikupewa kidonge.

Baba mtoto alikuwa fundi wa kombaini, mashine za kuvunia, kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule uwanda wa Hanang. Mtoto alibaki kijijini Gehandu kwa mama mkwe. Jumapili, lori la shamba likipata safari ya Haydom, walikuja wote watatu wakasimama kwenye nyasi nje. Mimi dirishani napunga mkono kama mwehu, mtoto anaangalia kuku. Kuku, jamani! Niliogopa jambo moja tu: kwamba nitapona, nitarudi nyumbani, na mwanangu hatanijua.

Nilimwambia mume wangu hivyo kupitia wavu wa dirisha. Alipokuja tena alileta kipande cha plastiki nyeusi, kipana kama kitabu cha nyimbo, alichopewa na fundi Mzungu waliyekuwa wakifanya naye kazi. Akambandikisha mtoto kiganja juu yake, kisha akamwondoa. Lo! Kiganja kilibaki pale pale: katikati buluu, kisha kijani, pembeni wekundu, na vidole vyote. Sista wa wodi akakimbia nacho kuniletea. Aliponipa, plastiki ilikuwa nyeusi tii.

"Umemmaliza njiani," nikamwambia. Maskini sista wa watu, akacheka.

Mume wangu akanieleza alivyoelezwa. Ndani mna kitu kinachotiririka kama mafuta, lakini chembe zake zimejipanga kwa kujisokota kama kamba. Kikipata joto, msokoto unakaza, nacho kinarudisha mawimbi mafupi ya mwanga, ndiyo buluu. Kikipoa, msokoto unalegea, kinarudisha yale marefu, ndiyo nyekundu. Kikipoa zaidi, hakirudishi rangi yoyote. Nikabisha. Chuma kikiingia motoni huwa chekundu, nani asiyejua?

"Hiki si chuma, mke wangu," akasema. "Hapa nyekundu ndiyo baridi."

Basi nikawa mwanafunzi wa rangi. Asubuhi na mapema, upepo wa Juni ukivuma, kiganja kilikufa sista hajafika hata mlangoni. Mchana, jua likiipiga, plastiki yote iligeuka buluu, kisha ikazidiwa na joto ikawa nyeusi tena, na kiganja hakikuonekana. Nikiiinamisha, kijani kilielekea buluu, nami nikajidanganya kwamba bado kina joto. Mwishowe tukapata saa yetu: jua limepanda kidogo, hewa si baridi wala si moto. Siku hiyo kiganja kilinifikia kikiwa bado na kijani. Vidole vifupi vinene, kidole gumba kimepinda kama cha baba yake. Niliulaza mkono wangu juu yake nikalia kwa sauti, na wagonjwa wenzangu wakaniacha nilie. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi.

Tangu hapo nami nikawa napeleka changu. Nilinawa kwa sabuni, nikabandika kiganja, sista akakikimbiza nje. Nilimsikia mama mkwe akimwambia mtoto, "Huyo mama. Mwangalie mama." Plastiki ikishakuwa nyeusi, walipanda lori wakaenda nayo nyumbani, na mimi nilibaki nimeshika wavu.

Niliporuhusiwa kurudi, ngano ilikuwa imeshavunwa na matrekta yalikuwa yanalima upya. Nilimwamkia mama mkwe, "Shikamoo mama," lakini macho yangu yalikuwa kwa mtoto. Anatembea! Nikachuchumaa, nikafungua mikono. Akajificha nyuma ya bibi yake. Kisha akakimbilia ndani, akatoka na ile plastiki ameikumbatia, akaniinulia nione.

"Mama," akasema. Alikuwa ananitambulisha kwa plastiki.

Niliionea wivu, Mungu anisamehe. Nilitamani kuitupa jikoni iungue. Mama mkwe akaniambia polepole, "Vumilia, mwanangu. Huyo ndiye mama aliyekuwa naye."

Nikavumilia. Nikabandika kiganja changu, nikakiondoa. Mtoto akachutama kukiangalia: buluu, kijani, wekundu, kikaisha. Akainua macho akaniangalia, akingoja niondoke, maana kila mara plastiki ikiwa nyeusi mimi huwa sipo. Sikuondoka. Akakunja uso. Akasogea, akaniwekea kiganja shavuni, akakiondoa, akaangalia shavu langu kama litageuka rangi. Halikugeuka. Akakibandika tena, na safari hii hakukiondoa.