Wifi wa Kichwani

Fundi cherehani wa mtaa ule alikuwa na wifi asiyeonekana. Ndivyo alivyoyaita maradhi yake ya mashaka, yaliyomrudisha dukani kila jioni kuhakikisha kazima pasi, afunge, arudi tena, mpaka giza liingie. Mshauri wa hospitali hakumpa hata kidonge. Alimwambia tu, "Yasikilize, usibishane nayo, ila usiyatii."

Siku ya harusi ya mdogo wake, fundi kafunga duka, kajipara, katoka na mumewe. Hawajafika hata kona, wifi kaanza: wee, pasi inawaka!

"Karibu, wifi," fundi akajibu kwa sauti, wapita njia wakageuka. "Twende wote harusini, lakini mimi sirudi ng'o!" Moyo ulimdunda, miguu ikazidi kwenda, kicheko kikampanda kama soda iliyotikiswa.

Mumewe, aliyezoea kumwapia kila siku kwamba pasi imezimwa, akauliza, "Kwani umeizima?"

"Sijui!" Fundi akapiga kigelegele. "Sijui, mume wangu, na siendi kuangalia!"

Jasho likamtoka mume, akageuka mbio kuelekea dukani.

Kwa mara ya kwanza, fundi aliwahi harusi. Aliyechelewa ni mumewe.