Jenista Nzunda, Aliyebaki Gari Lilipoondoka

Hakuwa na baba wa kumsomesha, wala shamba la kahawa la kurithi. Hakuwa na elimu ya juu, ila cheti cha mwaka mmoja cha uhudumu wa afya. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, na hata kwaya hakuiweza kwa sababu pumzi ilimkatikia katikati ya wimbo. Zaidi ya hayo, hakuwa na moyo mzima kifuani. Huyo ndiye ambaye Mungu alimtuma kwetu Galula. Hatumwiti mtakatifu, maana neno hilo ni la Kanisa kulitamka. Tunasimulia tu tuliyoyaona.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 katika kijiji cha milimani, wilayani Mbozi, akabatizwa kwa jina la Jenista. Akiwa na miaka tisa aliugua koo. Mama yake, mjane, alipata dawa. Mtoto alipopata nafuu, iliyobaki ikawekwa akiba. Ugonjwa ulirudi kimyakimya ukaujeruhi moyo. Baadaye daktari mmoja alimweleza kwamba chanzo cha maradhi yake ni dawa ile isiyomalizwa, na Jenista hakumlaumu mama yake hata siku moja. Alisema tu, "Basi nijue kazi yangu." Tunaamini huo ndio ulikuwa wito wake.

Alikuwa ameajiriwa katika zahanati ya mtu binafsi huko Mlowo pale Daktari Ferdinand Mbonile, mkuu wa kundi la madaktari na wauguzi Wakatoliki, alipomwomba afuatane nao. Kundi hilo lilikuwa na desturi ya kwenda kila mwaka kwenye kijiji kimoja, kutibu bila malipo kwa juma moja, kisha kurudi makazini. Agosti 2017 walifika kwetu kwa mara ya kwanza. Watu walijaa uwanja wa kanisa, Wakristo na Waislamu, wakulima na wachimbaji wa dhahabu, na kazi ilifanyika vizuri.

Asubuhi ya kuondoka, mizigo ikiwa imekwisha kufungwa, Jenista alipita kumuaga Bibi Rozi, ambaye mjukuu wake Ezron alikuwa ametibiwa kichomi. Alimkuta mtoto anahema kwa shida na mwili unawaka moto. Bibi alikuwa amekaa na kikombe cha vidonge vilivyosagwa majini, akiwanywesha dawa wajukuu wote watano kwa zamu, kila mmoja funda lake. Kwetu mtoto hapewi kitu peke yake wenzake wakiwa wanatazama.

"Bibi, dawa hii ni ya Ezron," alisema Jenista.

"Najua, mwanangu. Lakini wote wanakohoa. Nimpe mmoja, hawa wengine niwaambie nini?"

Daktari aliitwa, akampima mtoto. Alisema anaweza kupona palepale nyumbani, mradi aanze dozi upya na aimalize bila kuchangia na mtu. Akikatiza tena, asitegemewe kuishi. Lakini masanduku ya dawa yalikuwa matupu, na kesho yake kundi zima lilitakiwa kazini. Jenista akashusha begi lake garini.

"Utafukuzwa kazi," Daktari alimwonya. "Na moyo wako unaujua."

"Naujua, Daktari. Nendeni salama."

Shaban, mnunuzi wa mpunga, alikwenda kwa pikipiki hadi Mkwajuni kuitafuta dawa ile, akarudi mikono mitupu. Hapo Jenista akaanza kupita nyumba kwa nyumba, kwa maana alijua wengi walikuwa wameificha dawa kwa ajili ya siku ya shida. Wa kwanza alikuwa Pendo, mwenye maneno mengi.

"Nesi, una tabia ya kitoto! Unatoa, halafu unakumbuka?"

"Nimekumbuka, dada. Nipe."

"Na wangu akiugua mwezi ujao?"

"Nitakuja."

"Utakuja! Gari lenu si hilo limeondoka?"

"Limeondoka. Mimi si huyu hapa?"

Pendo alicheka, kisha akaingia ndani akatoa vidonge vichache. Ezron alimeza dozi yake yote mbele ya macho ya Jenista, akapona. Wale wenzake, Jenista aliwapikia maji ya tangawizi, nao wakapewa kikombe chao.

Kule Mlowo alikuta nafasi yake imepewa mtu mwingine. Aliishi kwa kushona sare za shule, na kila mwaka alirudi kwetu na kundi, akabaki gari lilipoondoka, mpaka mgonjwa wa mwisho amalize dawa. Alifariki tarehe 9 Juni 2022, moyo ukiwa umechoka. Watu wa Galula walipanda hadi Mbozi kumzika. Tangu hapo hakuna nyumba kijijini kwetu inayogawa dozi ya mgonjwa, na jirani humkalia jirani hadi amalize. Anayetaka kumheshimu Jenista na afanye hivyo.

Mwaka huu halmashauri ya kigango ilikutana kumwandikia Baba Askofu, kumwomba maisha ya Jenista yachunguzwe. Katekista Mika alisoma rasimu kwa sauti, akafika pale palipoandikwa kwamba vidonge vya Ezron havikupungua mfukoni mwa Jenista, kama wengi wanavyosimulia.

"Futa hapo," alisema Bibi Rozi.

"Bibi, huko watauliza muujiza."

"Na waulize. Vilipungua, Mika. Viliisha kabisa. Nilimwona mimi akitoka kwenda kuomba vingine, ameshika kifua, kila baada ya nyumba mbili anakaa chini. Mkiandika havikuisha, ile njia aliyoitembea mtaiweka wapi?"

Mika akachukua karatasi safi, akaandika: viliisha, akaenda kuomba. Bibi Rozi akaweka dole gumba chini ya maneno hayo. Barua ikakunjwa, bahasha ikafungwa kwa gundi, na Shaban, aliyekuwa akielekea mjini na mpunga wake, akaondoka nayo.