Mrusha matofali na mtihani wa mpira usiodakwa

Saa moja asubuhi. Mwanamke aliyefunga kilemba kilichopauka anainama, anaokota tofali la kuchoma, analirusha. Juu ya jukwaa la miti, mita tatu na ushee kutoka mikononi mwake, fundi muashi ananyoosha mkono bila hata kutazama chini. Tofali linatua kiganjani kama lililowekwa.

"Ukizidisha nguvu utamvunja mtu vidole," anasema, tayari ameshika la pili. "Likifika kwake liwe limeishiwa."

Huu ni mwaka wake wa kumi na moja, matofali yapatayo mia tisa kwa siku. Wenzake humtania kwa kumwita Profesa, maana mchana wao wakijilaza kivulini, yeye hufungua daftari la fizikia.

Anataka kusomea uashi chuoni, apande naye jukwaani na kushika mwiko. Chuo kinadai ufaulu wa fizikia na hakipokei aliyetimiza miaka thelathini na mitano. Amebakiza miezi minne. Mtihani ni Jumanne, na ada yake imemeza ujira wa siku kumi na mbili.

Mwaka jana alifeli. Swali lililomtia uchungu lilihusu mpira uliopigwa kutoka ardhini, kasi yake mita nane kwa sekunde kwenda juu na mita tano kwenda mbele. Utaangukia umbali gani? Akapata sekunde sifuri nukta nane, akazidisha kwa tano, akaandika mita nne, akatoka kifua mbele.

Mdogo wake wa kike, mwalimu wa sekondari, aliketi naye kwenye meza ya jikoni wakaitafuta kasoro. Walirudia mara tatu, na mara zote kuzidisha kulikuwa sawa. Mwishowe mdogo mtu akaweka kalamu chini.

"Dada, huu mpira nani kaudaka?"

Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mengine, anakiri, hayakuwa ya kicheko. Miaka yote hiyo kila alichorusha kiliishia kileleni, mkononi mwa mtu. Safari ya kushuka hakuwahi kuihesabu. Sekunde zile zilikuwa za kupanda tu; mpira ulihitaji muda uleule kurudi ardhini, kwa hiyo jibu lilikuwa mita nane.

Mazoea yana taabu. Hata wiki iliyopita alikosea swali moja vilevile, na sasa kila ukurasa wa daftari lake una neno "Chini?" kwa wino mwekundu. Fundi wa juu anamwombea, ingawa kwa shingo upande.

"Akifaulu nimekwisha," anasema. "Wengine wananirushia kama tuna ugomvi."

Ruhusa ya Jumanne Profesa ameshaiomba. Anapangusa vumbi la tofali kwenye viganja, anatazama juu alikosimama fundi.

"Siku hiyo hakuna wa kudaka," anasema. "Nitauacha mpira ushuke wenyewe mpaka chini, ndipo niandike."